Gia Zinagoma Kuingia: Pima Klachi, Kebo na Oili Kabla Hujashusha Giaboksi

Gari la gia za mkono likianza kukwaruza, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni "tushushe giaboksi". Kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi shida haimo humo. Iko kwenye klachi isiyoachia vizuri, kwenye bushi ya plastiki iliyopasuka chini ya mkono wa gia, au kwenye oili ambayo haijabadilishwa tangu gari lishuke bandarini. Giaboksi ikiwa mbovu kweli, ina dalili zake, na tutazifikia. Lakini iwe ya mwisho kushukiwa.

Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya Toyota za gia za mkono tulizozizoea: Probox, Corolla, Hilux na Haisi. Kwenye magari mengine namba hubadilika kidogo, ila utaratibu ni uleule.

Gia inagoma vipi hasa?

Kabla ya kushika spana, eleza ugonjwa kwa usahihi. "Gia mbovu" inaweza kuwa mambo matano tofauti.

- Gia zote ni ngumu na rivasi inalia krrr: klachi haiachii.
- Gia moja tu inakwaruza, mara nyingi ya pili, hasa ukibadilisha haraka: ringi ya sinkronaiza (inayolinganisha mizunguko kabla gia haijashika) ya gia hiyo imelika.
- Gia inaingia vizuri kisha inachomoka yenyewe kurudi frii: mauntini (raba zinazoshikilia injini na giaboksi), kebo, au uchakavu wa ndani.
- Mkono unachezacheza, unatafuta ya tatu unapata ya tano: bushi au kebo.
- Gia ni ngumu asubuhi tu, baada ya kilomita chache zinalainika: oili.

Kuna na la sita ambalo watu hulichanganya na gia: injini inaongeza mizunguko lakini gari haliongezi mwendo. Hiyo ni klachi inayoteleza, pleti ya klachi imeisha au imelowa oili. Ukitaka uhakika, nenda mwendo wa kilomita 40 kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta hadi chini, ikiwezekana kwenye mwinuko. Mshale wa mizunguko ukiruka juu huku wa mwendo umetulia, anza kutafuta pleti mpya.

Kipimo kinachogawa kazi yote

Egesha pahali tambarare, vuta hendibreki, zima injini. Kanyaga klachi hadi chini na upitishe mkono kwenye gia zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na rivasi. Gia moja ikigoma, sogeza gari kidogo ujaribu tena, kwa sababu wakati mwingine meno yamekutana ncha kwa ncha tu. Kisha washa injini, iache ipate joto, rudia zoezi hilohilo.

Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zikagoma ikiwa inawaka, klachi ndiyo mkosaji: umekanyaga, ila shafti inayoingia giaboksi bado inazungushwa na injini. Usiguse kebo wala giaboksi. Zikiwa ngumu katika hali zote mbili, klachi haina kesi, ruka uende kwenye sehemu ya mkono na kebo.

Kuthibitisha, tumia rivasi. Kwenye giaboksi nyingi rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo haifichi kitu. Injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), gia iko frii, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu polepole hadi tano, kisha ingiza rivasi. Inatakiwa iingie kimya. Ikilia baada ya kusubiri hivyo, klachi inaburuta. Lakini ukiingiza rivasi papo hapo baada ya kukanyaga, italia hata kwenye gari zima, na hapo mbovu ni haraka ya dereva. Subiri sekunde tatu, au gusa gia ya kwanza kwanza ndipo urudishe rivasi.

Vipimo viwili zaidi, vyote vya bure. Kanyaga pedali mara tatu za harakaharaka halafu ujaribu gia. Zikiingia vizuri kuliko ulipokanyaga mara moja, kuna hewa kwenye mfumo au raba za silinda zimechoka. Kisha, mbele ya gari pakiwa wazi kabisa, ingiza ya kwanza na ushikilie klachi chini kwa nusu dakika, mguu wa kulia ukiwa tayari juu ya breki. Gari likianza kujivuta lenyewe, masta silinda (ile inayosukumwa na pedali) inapitisha oili kwa ndani hata kama nje ni kavu. Hili la mwisho huwapotosha wengi: oili haipungui kwenye kikopo, hakuna tone chini, na fundi anaapa masta ni nzima.

Klachi isiyoachia: anzia kwenye pedali

Kwanza toa kapeti. Kapeti la dukani lililojikunja chini ya pedali hula sentimita mbili za mwendo wake, na sentimita mbili zinatosha kabisa kufanya rivasi ilie. Limeshapelekea watu kulipia presha pleti (sahani inayobana pleti ya klachi) isiyo na kosa.

Halafu bonyeza pedali kwa kidole. Kuna mchezo mwepesi kabla hujahisi uzito. Kwenye Toyota nyingi unatakiwa uwe kati ya milimita 5 na 15. Mchezo ukizidi, pedali inapoteza safari kabla haijaanza kazi. Usipokuwepo kabisa, rilizi beringi (inayosukuma presha pleti unapokanyaga) inaigusa muda wote, inajichosha yenyewe na kuifanya klachi iteleze. Unarekebisha kwa kulegeza nati ya kufungia kwenye fimbo ya kusukumia masta, juu ya pedali, ndani ya gari, na kuizungusha fimbo kidogo kidogo. Funga nati tena ukimaliza.

Pima pia pale klachi inapoachia. Injini ikiwaka, shikilia pedali chini, ingiza gia, kisha achia polepole mpaka uhisi gari linataka kuondoka. Kutoka sakafuni mpaka hapo pawe na milimita 25 au zaidi. Ikishika karibu na sakafu, haitengani kikamilifu.

Magari yanayotumia waya badala ya oili, kama Suzuki Carry nyingi, kazi yake ni fupi: rekebisha nati ya mwisho wa waya kwenye mkono wa giaboksi mpaka ubaki mchezo wa milimita 2 hadi 4, na ukiona nyuzi za waya zimeanza kukatika, badilisha mzima. Waya haupozwi kwa grisi.

Kwa mfumo wa oili, fuata njia yake kutoka juu kwenda chini. Angalia kikopo. Kwenye magari kadhaa madogo hakuna kikopo cha klachi peke yake. Mpira mwembamba unatoka kwenye kikopo cha breki. Maana yake klachi ikivuja, inapunguza na oili ya breki, kwa hiyo usiichukulie kama kero ya gia tu. Ndani ya gari, pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani. Pakiwa na unyevu unaoteleza, masta inavuja. Chini kwenye giaboksi, funua raba ya vumbi ya slevu silinda (silinda ndogo inayosukuma klachi). Unyevu kidogo unavumilika, oili iliyojaa ndani ya raba haivumiliki.

Sasa mwombe mtu akanyage pedali hadi chini wewe ukiwa unatazama fimbo ya slevu inavyosukuma uma wa klachi. Pima safari yake kwa rula. Ikisogea chini ya milimita 10 hivi, tatizo liko juu ya hapo: hewa, masta, slevu au mpira. Ikisogea safari nzima na klachi bado inaburuta, tatizo liko ndani, na hapo ndipo kushusha giaboksi kunapokuwa na haki.

Kuna kitu kimoja kinachosahaulika: ule mpira unaopinda kati ya bomba la chuma na slevu. Ukizeeka unavimba pedali inapokanyagwa, na nguvu iliyotakiwa kusukuma uma inaishia kunenepesha mpira. Shika kwa mkono mwenzako anapokanyaga. Ukihisi unatutumka, badilisha. Unaweza pia kuziba kwa ndani, na hapo dalili inageuka: klachi inachelewa kurudi na pedali inabaki chini.

Kutoa hewa

Utahitaji chupa ya nusu lita ya oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4, ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa tupu, spana ya 8 au ya 10, na msaidizi anayesikiliza maneno. Usitumie oili ya injini wala haidroliki ya stelingi hata kwa dharura. Raba zote zitavimba, na utalipia masta na slevu kwa pamoja. Oili ya breki inakula rangi ya gari, ikimwagika mwagia maji mara moja.

1. Vuta hendibreki, zuia matairi kwa jiwe au kabari. Ukilazimika kuingia chini, gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki.
2. Nyonya oili chafu kutoka kwenye kikopo kwa sirinji, jaza mpya hadi alama ya juu.
3. Safisha nati ya kutolea hewa kwenye slevu, vua kofia yake, ingiza mpira, upande wa pili uzame ndani ya chupa yenye oili kidogo.
4. Msaidizi akanyage mara tano taratibu, ya tano ashikilie chini.
5. Legeza nati robo mzunguko. Oili na mapovu vitatoka. Ifunge kabla hajaachia pedali. Akiachia nati ikiwa wazi, hewa inanyonywa ndani na mnaanza upya.
6. Pedali ikibaki sakafuni, ainue kwa mguu. Kwa klachi hilo ni jambo la kawaida.
7. Rudia mpaka oili itoke safi bila povu. Tazama kikopo kila baada ya mizunguko minne. Kikikauka, kazi yote imeharibika.
8. Funga nati kwa kiasi. Ni ndogo na ina tundu katikati, ukiikaza kwa hasira inakatikia humo ndani.

Hewa ikigoma kutoka baada ya nusu chupa, sukuma fimbo ya slevu irudi ndani kwa mkono, taratibu, kikopo kikiwa wazi. Mapovu yaliyojificha hupanda juu yenyewe.

Ukikuta masta au slevu inavuja, kuna raba za kubadilisha ambazo ni nafuu. Kabla ya kuzinunua, fungua silinda, ipanguse, ipitishie ukucha ndani. Ikiwa laini kama kioo, raba mpya zitadumu. Ikiwa na mashimo ya kutu, nunua silinda nzima. Raba mpya kwenye ukuta wenye kutu haifiki mbali. Na oili hii hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 na ndiyo maana silinda za magari ya Dar, Tanga na Mombasa huota kutu mapema.

Gari lililokaa wiki kadhaa bila kuwashwa, hasa masika, linaweza kuwa na pleti iliyogandamana na flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) kwa kutu. Pedali iko sawa, slevu inasukuma vizuri, lakini hakuna gia inayoingia injini ikiwaka. Kabla ya kufungua kitu, ipashe injini joto, izime, ingiza gia ya nne, vuta hendibreki, kanyaga breki na klachi zote hadi chini, halafu gusa stata kwa muda mfupi. Mara nyingi pleti inaachia kwa mshtuko. Fanyia uwanja wazi, mbele pasiwe na mtu wala ukuta.

Mkono na kebo

Hapa tunakuja iwapo gia ni ngumu hata injini ikiwa imezimwa, au mkono umelegea.

Magari ya kuvuta mbele kama Probox yana kebo mbili: moja huchagua mstari wa gia kushoto na kulia, nyingine husukuma mbele na nyuma. Fungua boneti, tafuta zinapoishia juu ya giaboksi, mwambie mtu abadilishe gia huku unaangalia. Mkono ukisogea ndani lakini mwisho wa kebo ukachelewa, bushi ya plastiki ya pale imepasuka. Angalia na ncha ya pili, chini ya konso (kisanduku kati ya viti vya mbele). Kebo yenyewe ikiwa imeshika kutu, itoe kwenye ncha zote mbili uivute kwa mkono. Inatakiwa iteleze bila kukwama. Ukiichomoa, jaribu na vijiti vya giaboksi kwa mkono mtupu. Vikisogea laini bila kebo, giaboksi haina hatia.

Gia ikikosekana upande mmoja tu, mathalani ya kwanza na ya pili zipo ila ya tano na rivasi hazipatikani, tafuta kebo ya kuchagua kabla ya chochote kingine.

Hilux na gari nyingine za kuvuta nyuma ambazo mkono unaingia moja kwa moja kwenye giaboksi zina ugonjwa wao. Chini kabisa ya mkono kuna kofia ya nailoni kwenye ncha yake, na kiti cha plastiki kinachoshika ile tufe ya mkono. Zikilika, mkono unakuwa kama mwiko kwenye sufuria tupu, na unatetemeka ukikanyaga mafuta. Toa raba ya vumbi, kandamiza kifuniko chini na ukizungushe, au fungua bolti zake kulingana na aina, chomoa mkono. Ukikuta kofia haipo kabisa, vipande vyake vimo ndani ya oili, vitoe utakapomwaga. Kubadilisha hakuchukui saa, na tofauti inahisiwa gia ya kwanza tu.

Usisahau mauntini. Mauntini ya injini au ya giaboksi ikikatika, injini inalala unapokanyaga mafuta na kuvuta kebo pamoja nayo, gia inachomoka. Mwambie mtu, hendibreki ikiwa juu na breki imekanyagwa, aachie klachi kidogo kwenye ya kwanza kisha kwenye rivasi, wewe ukisimama pembeni ya boneti, si mbele. Injini ikiruka zaidi ya sentimita moja au mbili, umepata.

Oili: inavyosema kabla hujafungua

Endesha gari dakika kumi ili oili iwe nyepesi, lakini isikuunguze. Liweke sawasawa, si limeinama pua. Kisha jambo la kwanza kabisa: fungua boluti ya kujazia, ile ya ubavuni, KABLA ya ile ya kumwagia. Ikigoma kufunguka, umebaki na oili yako ndani na gari bado linatembea. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, gari limelala hapo.

Chunguza kilichotoka. Uji mzito wa kijivu kwenye sumaku ya boluti ni wa kawaida. Chembe za rangi ya dhahabu zinazometameta ni shaba ya ringi za sinkronaiza. Chache si balaa, ila zikiifanya oili yote ing'ae, ringi zinaondoka. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi, na gari hilo lisiendeshwe tena. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji. Haya huingia gari linapopita kwenye mafuriko, kama yale ya Jangwani, Dar, mvua kubwa ikinyesha: giaboksi yenye joto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia tundu la kupumulia. Mwaga siku hiyohiyo, jaza, tembea kilomita chache, mwaga tena, na usafishe tundu hilo.

Kuhusu aina, hapa watu wanaharibu giaboksi kwa nia njema. Giaboksi za Toyota za familia ya C zilizofungwa kwenye Corolla nyingi huchukua lita 1.9 za oili ya gia yenye uzito wa 75W-90. Za Hilux na Haisi huzidi lita 2, kwa hiyo nunua 3. Alama ya GL-4, daraja la oili linaloandikwa kwenye chupa, ni salama kwa shaba. GL-5 iliyotengenezwa kwa ajili ya difu ina kemikali nyingi zaidi za kuhimili mgandamizo, na nyingine huzifanya ringi ziteleze badala ya kushika, matokeo yake gia inakwaruza baada ya sevisi. Tumia GL-5 pale tu kitabu cha gari kinaporuhusu. Subaru wao giaboksi na difu ya mbele hutumia oili moja, ndiyo maana hutaja GL-5. Honda wana oili yao nyepesi ya giaboksi. Ukiwawekea 90 nzito, gia zitakuwa ngumu kila asubuhi. Oili ya 140 weka kando kabisa, haizuii uchakavu, inakuchosha mkono, na huko Njombe au Limuru kwenye baridi ya alfajiri ndiyo utaijua.

Jaza kwa pampu ya mkono mpaka oili ifike kwenye mdomo wa chini wa tundu, ndani ya milimita 5. Ikianza kuchuruzika, acha itulie, funga boluti kwa washa mpya. Kwa kidole: ingiza cha shahada kwenye tundu ukikunje, kikigusa oili papo hapo, kiwango kiko sawa.

Sasa ndani: sauti na kuchomoka

Klachi inaachia, kebo ni nzima, oili ni mpya na sahihi, na gia bado ni shida. Sikiliza.

Mlio ukiwepo frii na pedali ikiwa juu, kisha ukapotea unapokanyaga klachi, ni beringi ya shafti ya kuingilia. Ukianza pale tu unapokanyaga, ni rilizi beringi. Mvumo unaosikika kwenye gia zote na kupanda na mwendo wa gari ni beringi za shafti ya kutokea, au oili iliisha muda fulani huko nyuma. Mlio wa gia moja pekee ni meno ya gia hiyo.

Ringi ya sinkronaiza ikishalika, ukipiga klachi mbili gia inaingia bila kelele: kanyaga, toa kwenda frii, achia, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza gia ya chini. Kama hilo linaondoa mkwaruzo wa gia ya pili, umethibitisha ringi bila kufungua boluti. Dereva mvumilivu anaweza kuendelea hivyo miezi mingi, ila anayelazimisha anatafuna na meno madogo ya gia yenyewe, na hapo bei inapanda kwa sababu gia na ringi vinabadilishwa pamoja.

Gia inayochomoka ukiachia mafuta, mara nyingi ya tano, huletwa na foki (uma wa ndani unaosogeza gia) iliyolika, springi na gololi za kufungia gia zilizochoka, au kishikio kilicholika ncha. Kwenye giaboksi kadhaa springi na gololi hufikika kwa nje chini ya boluti ndogo juu ya boksi, anza hapo. Na dereva anayeendesha mkono ukiwa umepumzika juu ya gia anaichakaza foki hiyo kila siku.

Fundi akifungua boksi, mwombe apime nafasi kati ya ringi na gia kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ringi ikiwa imekandamizwa mahali pake. Kikomo cha Toyota nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Chini ya hapo ringi ni ya kutupa, hata kama kwa macho inavutia.

Giaboksi ikiwa chini tayari

Ikiwa imeshuka kwa sababu ya klachi, badilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja. Kuokoa bei ya beringi ni kujipa kazi ya kushusha tena. Vumbi lililomo usilipulize kwa kompresa. Pleti za zamani zaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe na ulipanguse kwa kitambaa.

Angalia sili ya nyuma ya injini na sili ya mbele ya giaboksi. Moja ikiwa na unyevu, ibadilishe sasa, la sivyo pleti mpya italowa. Kina cha vichwa vya rivati kwenye pleti kisipungue milimita 0.3. Flaiwili yenye madoa ya bluu au nyufa za joto ipelekwe kuchongwa. Pailoti beringi (ndogo, katikati ya flaiwili), pale ilipo, izungushwe kwa kidole. Ikikwaruza, itoke, kwani ikishika hufanya klachi iburute hata ikiwa mpya.

Pleti inafungwa upande wenye springi zilizotokeza ukielekea giaboksi, na nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Paka grisi ya klachi nyembamba sana kwenye meno ya shafti. Ikizidi inarushwa kwenye pleti. Sawazisha pleti kwa shafti ya kulinganishia, kisha kaza boluti za presha pleti kwa kupishana kinyota, raundi tatu, mpaka Nm 19. Wakati wa kuipandisha giaboksi, isiachwe ikaning'inia kwenye shafti yake, hata dakika moja: inakunja pleti, na gari litaburuta klachi kama siku ya kwanza. Ishikiliwe na jeki hadi boluti mbili za juu zishike. Ikigoma sentimita ya mwisho, usiivute kwa boluti. Ingiza gia ya nne, zungusha shafti ya kutokea kidogo, itaingia.

Kilomita 800 za mwanzo usivute gari jingine wala usipande mlima ukiwa umejaza mzigo, ili pleti ikae.

Ukiamua kununua giaboksi ya mtumba

Soma kwanza kibati cha gari, kwenye Toyota kina mstari wa giaboksi na ekseli, na msimbo wake uendane na wa unayonunua. Giaboksi zinazofanana kwa nje zina uwiano tofauti wa gia ndani. Ukifika kwenye vipuri vya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, usilipie kabla ya haya: tikisa shafti ya kuingilia juu na chini, mchezo kidogo sana ndio unaoruhusiwa, izungushe kwa mkono ukiwa kwenye kila gia, usikilize, chovya kidole kwenye tundu la kujazia utazame kama kuna dhahabu au maziwa, na kagua masikio ya kufungia mauntini, hasa kwa nyufa zilizopakwa epoksi na kupuliziwa rangi ya fedha. Giaboksi iliyooshwa ikang'aa, kavu bila hata tone la oili ndani, iache hapohapo mezani.